Kutoka ungo hadi kipepeteo: tathmini ya mashine nne katika karakana ya chokoleti, Mbeya

Kwa miaka minne karakana yetu ilipepeta kakao kwa ungo. Mama mmoja katika kikundi chetu, ambaye alikulia Kyela akipepeta mchele tangu utotoni, aliweza kurusha hewani kilo mbili za chenga za kakao, yaani vipande vya mbegu zilizokaangwa na kuvunjwa, na kuzidaka zote huku maganda yakiangukia upande wa upepo, na sisi wengine tulijifunza kwake kadiri tulivyojaliwa. Lakini ungo una kikomo chake. Kilo kumi zilimalizika baada ya saa nzima na zaidi, vumbi lilitukohoza hadi jioni, na kila tulipopekua lundo la maganda nyuma ya jengo tulikuta humo chenga nyingi ambazo zingekuwa chokoleti.

Hasara hiyo ilivumilika kakao ilipokuwa rahisi. Mwaka 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kutokana na mavuno mabaya ya Kodivaa na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani. Bei hiyo ilifika hadi kwenye minada ya stakabadhi ghalani ya Kyela, na wakulima walistahili kila shilingi waliyoipata. Kwetu sisi tunaonunua ili kusindika, ilimaanisha kwamba lundo la maganda nyuma ya jengo lilikuwa limebeba fedha nyingi kuliko faida yetu ya mwezi. Ndipo tulipokaa kikao, tukakusanya akiba na mkopo mdogo, tukanunua mashine nne: kipepeteo, kikaangio cha ngoma, kinu cha mawe, na mashine ya kurekebisha joto la chokoleti. Tumezitumia kwa miezi kumi na minne sasa, wastani wa kilo mia mbili za mbegu kavu kwa mwezi, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya vikundi vya ukubwa kama wetu, kwa kuwa mengi tuliyoyasoma kabla ya kununua yalihusu viwanda vikubwa au wapenzi wa chokoleti wanaotengeneza kilo moja jikoni kwao Ulaya.

Hukumu yangu niitoe mapema. Kipepeteo, ambacho kilikuwa cha pili kwa urahisi wa bei na ndicho pekee kilichotengenezwa hapahapa Mbeya, kimelipa gharama yake kabla ya vingine vyote. Kinu cha mawe ni chombo kizuri kinachodai uangalizi wa karibu mno. Kikaangio kinafaa baada ya kurekebishwa. Mashine ya nne hatukupaswa kuinunua.

Nianze na kipepeteo. Ganda la mbegu ya kakao ni kama asilimia 12 ya uzito wake, likizidi au kupungua kidogo kwa kufuata aina na namna mbegu zilivyovundikwa, yaani kuachwa zichachuke kabla ya kuanikwa. Ganda hilo halina faida yoyote ndani ya chokoleti: lina nyuzi ngumu, huleta uchungu unaokwaruza ulimi, hubeba mchanga na uchafu wa sehemu za kuanikia, na hula mawe ya kinu. Kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, zinataka rojo ya kakao isiwe na zaidi ya asilimia 5 ya ganda na kiini cha mche, ikihesabiwa bila mafuta, lakini mtu yeyote anayeionja chokoleti yake kwa makini atajua kwamba anapaswa kuwa chini ya kiwango hicho kwa mbali.

Tulimpelekea fundi wa kuchomelea michoro tuliyoichora wenyewe na mfuko wa mbegu zilizokaangwa. Alizimimina mezani, akazivunja chache kwa kidole gumba, akapuliza, akatazama ganda lilivyopaa na chenga zilivyobaki. Kisha akasema, "Mama, hii ni mashine ya mpunga, ila imekuja na tabia zake." Nilijua hapo kwamba kazi imepata mwenyewe. Mbeya ni mji wa mashine za kukoboa, na fundi aliyekwisha kutengeneza feni za kutenga pumba na mchele anaijua hewa kuliko kitabu chochote.

Alichotutengenezea kinafanya kazi hivi. Mbegu huingia juu kupitia mdomo mpana na kupita kati ya roli mbili zenye meno, ambazo nafasi yake hurekebishwa kwa skrubu ili mbegu ipasuke vipande vinne au vitano bila kusagika. Vipande huangukia kwenye chekeche tatu zinazotikisika, na kila ukubwa hupita kwenye njia yake ya hewa iliyosimama wima, ambamo feni hunyonya maganda kwenda juu hadi kwenye pipa huku chenga, ambazo ni nzito, zikianguka kwenye ndoo. Siri yote iko kwenye chekeche. Ganda kubwa na chenga ndogo huanguka kwa mwendo unaokaribiana, hivyo ukivipitisha pamoja kwenye upepo mmoja, ama utabaki na maganda kwenye chenga, ama utapeleka chenga kwenye maganda. Ukivipanga kwanza kwa ukubwa, upepo unaweza kuchagua. Kila njia ina kilango kidogo cha bati unachokisogeza kwa vidole kuongeza au kupunguza hewa, na baada ya wiki mbili mkono huzoea kiasi cha kukisogeza kwa kusikia tu mlio wa feni.

Matokeo tuliyapima kwa njia ya kawaida kabisa. Tulichukua gramu mia za chenga, tukaketi mezani na koleo dogo la nyusi, tukatoa kila kipande cha ganda tulichokiona na kukipima kwenye mizani ndogo. Kwa ungo tulikuwa tukipata gramu tatu hadi nne. Kwa kipepeteo tunapata gramu moja na nusu, na siku ambazo mbegu zimekaangwa vizuri tumewahi kufika chini ya gramu moja. Kwa upande wa mavuno, kilo mia za mbegu kavu zilikuwa zikitupa kilo 74 za chenga. Sasa zinatupa kilo 80. Zidisha kilo hizo sita kwa bei ya mnada, kisha kwa mizunguko miwili ya kila mwezi, na utaelewa kwa nini shilingi milioni 3.8 tulizolipa zilirudi kabla mwaka haujaisha. Kazi iliyokuwa ikichukua siku nzima ya watu wanne inakwisha kwa saa mbili na nusu na mtu mmoja, na yule mama wa Kyela, ambaye nilihofia angejisikia kama amenyang'anywa nafasi yake, ndiye anayeiendesha na ndiye pekee anayeruhusiwa kugusa vilango.

Kasoro zake zipo na sitazificha. Fundi alichelewa wiki tatu. Mdomo wa kwanza aliuleta wa bati la kawaida lililopakwa rangi, nasi tulikataa kuupokea kwa kuwa rangi hukwanguka na kuingia kwenye chakula. Aliutengeneza upya kwa bati lisiloshika kutu na hakututoza nyongeza, jambo lililonifanya nimheshimu zaidi. Mishono miwili ya ndani si laini, na unga wa kakao hujibana humo, kwa hiyo kila Ijumaa tunaifungua na kuisugua kwa brashi kavu. Usitumie maji. Unyevu kidogo ukibaki kwenye njia za hewa, ukungu utaota kabla ya Jumatatu. Kelele yake pia ni kubwa, na anayeiendesha huvaa vizibo vya masikio.

Kikaangio ni ngoma ya chuma inayozungushwa na mota juu ya moto wa gesi, yenye uwezo wa kilo kumi kwa mara moja, na kilitoka nje ya nchi kupitia muuzaji wa Dar es Salaam. Kabla yake tulikaanga kwenye oveni ya mikate kwa trei, tukizigeuza mbegu kila baada ya dakika tano, na daima za pembeni ziliungua huku za katikati zikibaki mbichi. Ngoma imeondoa tatizo hilo, na kwa hilo pekee ninaishukuru.

Hata hivyo kipimajoto chake kilitupotosha kwa miezi miwili. Kimewekwa mahali kinaposoma joto la hewa ndani ya ngoma, wala si la mbegu zenyewe. Kakao hukaangwa kwa kati ya nyuzi 110 na 140 za Selsiasi kutegemea mbegu na ladha unayoitaka, na tofauti ya nyuzi kumi ni tofauti kati ya harufu ya matunda na harufu ya kuungua. Kioo kilisoma 150 nasi tukazima moto kwa hofu, kumbe mbegu zenyewe zilikuwa 118 tu. Chokoleti ya miezi ile ilikuwa chachu na nyembamba kwa ladha, na tulilaumu uvundikaji wa wakulima bila haki. Fundi wetu alitoboa tundu dogo kwenye mlango wa mbele na kupitisha kipimajoto cha waya ambacho ncha yake huzama katikati ya mbegu zinazozunguka. Tangu siku hiyo tunaandika joto kila dakika kwenye daftari, na mikaango miwili ya mbegu za shamba moja inalingana.

Upungufu wa pili ni kwamba hakina sehemu ya kupozea. Mbegu zikimwagwa zikiwa na nyuzi 125 na kuachwa zimelundikana, huendelea kujikaanga zenyewe kwa dakika kadhaa, na mkaango uliokuwa sahihi unapita kiasi. Sisi tulitengeneza meza ya wavu yenye feni chini yake, na mbegu hupoa kwa dakika tano. Anayeuza kikaangio bila meza hiyo angepaswa kumwambia mnunuzi.

Sasa nifike kwenye kinu cha mawe, ambacho ndicho kilichotugharimu zaidi na ndicho kilichotufundisha zaidi. Ni sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu yenye sakafu ya graniti, na juu ya sakafu hiyo yanasimama magurudumu mawili mazito ya graniti. Sufuria huzunguka, magurudumu huviringika mahali pake, na chenga hukandamizwa kati ya jiwe na jiwe hadi mafuta yaliyomo, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wake, yanapotoka na kila kitu kugeuka rojo. Asili ya kinu hiki ni India, ambako mawe ya namna hii husagia mchele na dengu zilizolowekwa, na vinu vingi vya chokoleti vya karakana ndogo duniani ni ndugu zake. Chetu kinabeba kilo ishirini na tano.

Kinafanya kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kusaga hadi ulimi usihisi chembe, yaani karibu na maikroni 20 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa kuwa zaidi ya 30 mlaji huhisi kama mchanga. Ya pili ni ile ambayo Rodolphe Lindt, mtengenezaji wa chokoleti wa Uswisi, aliigundua mjini Bern mwaka 1879 alipoiacha chokoleti ikikorogwa kwa muda mrefu: mwendo na hewa huondoa tindikali ya siki iliyobaki kutoka kwenye uvundikaji, na chokoleti hulainika kwa ladha na kwa mwili. Kwenye kinu chetu tunaacha kifuniko wazi kidogo kwa saa kumi na mbili za kwanza, na ukiinama juu yake utasikia siki ikipanda puani kwa ukali. Kufikia siku ya pili harufu hiyo imekwisha na mahali pake pana kitu kama zabibu kavu. Hakuna mashine nyingine kati ya hizi nne inayokupa furaha ya namna hiyo.

Tunapima unene kwa maikromita: tone la chokoleti huchanganywa na mafuta kidogo na kubanwa polepole. Baada ya saa 36 hadi 48 tunasoma kati ya 18 na 22. Tumejifunza kutopita hapo, kwa sababu chembe zikisagika kupita kiasi huwa nyingi mno na kunywa mafuta yote, na chokoleti hugeuka nzito kama gundi hadi uiongezee siagi ya kakao, ambayo ni ghali. Sukari tunaikausha kwanza kwenye oveni wakati wa masika, maana unyevu wake ukiingia kwenye rojo huikaza ghafla.

Umeme wake si mwingi kama nilivyodhani. Uniti arobaini na ushee kwa mzunguko wa saa 48, nasi huzisoma kwenye LUKU kabla na baada. Tatizo ni kwamba saa hizo 48 lazima ziwe mfululizo. Usiku mmoja wa Julai, tukiwa saa ya thelathini na moja, umeme ulikatika saa tatu usiku na haukurudi hadi alfajiri. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 na Julai yake ni ya baridi kali. Tulipofika asubuhi, kilo ishirini na tano za chokoleti zilikuwa zimeganda kuyazunguka magurudumu kama ugali uliolala sufuriani, na mmoja wetu, kwa haraka na nia njema, alibonyeza swichi kabla ya yeyote kusema neno. Mota ilinguruma, sufuria haikusogea, harufu ya mpira unaoungua ikajaa chumba, kisha mkanda ukakatika. Bushi moja ya gurudumu nayo ilikwaruzwa. Kosa hilo lilikuwa letu na ninaliandika ili lisirudiwe: kinu kikiganda, chomoa waya kwenye soketi kabla hujafanya lolote, kisha kiyeyushe kwa hewa ya moto hadi magurudumu yageuke kwa mkono. Kuyeyusha kulituchukua saa saba.

Lakini kilichofuata hakikuwa kosa letu. Mkanda ulikuwa wa kipimo ambacho hakipo katika duka lolote la vipuri tulilolizunguka Mwanjelwa hapa Mbeya, na muuzaji aliyetuletea kinu, ambaye kabla ya malipo alipokea simu kwa mlio wa kwanza, alichukua wiki tano kutupatia mwingine. Kwa wiki tano mashine ya shilingi milioni tisa ilikaa chini ya shuka huku oda mbili za mahoteli zikituponyoka. Mkanda wa pili ulipokatika baada ya miezi minne tu, hatukumpigia. Fundi alichonga puli mpya, akabadilisha na ile ya zamani, na sasa kinu kinatumia mkanda wa kawaida wa mashine ya kukoboa, unaopatikana kila mji wa Tanzania ambako watu wanakula wali. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji yeyote wa mashine, hata kabla ya bei: mkanda wake, beringi zake na bushi zake ni za kipimo gani, na ninaweza kuvinunua wapi bila kupitia kwako?

Baridi nayo ina adabu zake. Chenga zikiingia kinuni zikiwa na nyuzi kumi na mbili, mafuta hayatoki, unga hujishindilia chini ya mawe na mkanda huteleza. Tunazipasha kwanza kwenye oveni hadi nyuzi 50 hivi, tunaipasha sufuria kwa kikausha nywele kwa robo saa, kisha tunazilisha kwa kikombe kimoja kimoja hadi rojo ya kwanza ipatikane. Na kwa yule atakayepokea kinu kipya, mawe yake huja na vumbi la kuchongwa. Yazungushe na mafuta ya kula na sukari kwa saa kadhaa, umwage, urudie, hadi mafuta yasitoke tena na rangi ya kijivu. Sisi tulirudia mara tatu. Kijitabu kilichokuja na mashine kilisema mara moja inatosha, na haikutosha.

Mashine ya nne nitaipitia kwa ufupi. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti ya fuwele, na ni moja tu kati ya hayo, la tano, linaloipa chokoleti mng'ao, mlio wa kukatika na uwezo wa kutoyeyuka mkononi. Ili kulipata, chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 au 50, hushushwa hadi 27 au 28, kisha huinuliwa hadi 31 au 32 na kushikiliwa hapo. Mashine tuliyonunua, yenye gurudumu linalochota na kumimina, inapaswa kufanya hayo yenyewe. Kidhibiti chake huruka nyuzi mbili hadi tatu juu ya kiwango ulichokiweka kabla ya kutulia, na katika kazi ambayo nyuzi mbili ndizo zinazotenganisha chokoleti nzuri na iliyopauka, kuruka huko kunafuta kila kitu. Tumejaribu kila mpangilio. Kwa shilingi milioni nne tungeweza kununua mawe mapana matatu ya marumaru na kubaki na fedha za stabilaiza.

Na marumaru ndiyo tunayotumia. Chumba chetu hukaa kwenye nyuzi 18 hadi 20 sehemu kubwa ya mwaka bila kiyoyozi, na mwanamke mwenye mazoezi anaweza kuandaa kilo ishirini kwa siku kwa kumimina theluthi mbili juu ya jiwe, kuisogeza kwa mwiko mpana hadi ianze kuwa nzito, kisha kuirudisha kwenye bakuli lenye theluthi iliyobaki ikiwa bado ya moto. Ni kwa sababu ya baridi hii tuliiweka karakana Mbeya, tukasafirisha mbegu kupandisha mlima wa Tukuyu, badala ya kuiweka Kyela karibu na Ziwa Nyasa, mita mia tano tu juu ya usawa wa bahari, ambako chokoleti ingetoka jasho mezani. Kikundi kilichoko Kyela kwenyewe, au Mbingu katika bonde la Kilombero, kitakuwa na hesabu tofauti na pengine kitahitaji mashine bora zaidi ya hii pamoja na chumba cha baridi.

Kuna gharama ambazo hazikuwamo katika makadirio yetu, nazo ni hizi: stabilaiza ya kulinda mota dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, nyaya nene na swichi tofauti kwa kila mashine, sakafu ya vigae inayooshika kabla ya ukaguzi wa Shirika la Viwango, na jenereta ndogo tuliyoinunua baada ya usiku ule wa Julai. Kwa jumla vilifikia karibu robo ya bei ya mashine zenyewe. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, ilitupa ushauri mzuri kuhusu mpangilio wa chumba, hasa wa kutenganisha upande wa vumbi, yaani kukaanga na kupepeta, na upande wa kinu na kumimina.

Nimeulizwa na kikundi kimoja kutoka Rungwe waanzie wapi ikiwa wana fedha za kifaa kimoja tu. Niliwajibu waanze na kipima unyevu cha mbegu, ambacho bei yake haifikii hata laki nne, kisha waweke akiba ya kipepeteo. Mbegu iliyoanikwa hadi asilimia 7 hupasuka vizuri na ganda lake huachia; iliyo juu ya 8 huota ukungu ghalani, na kipepeteo kizuri kuliko vyote hakiwezi kulitenga ganda lililong'ang'ania. Kyela ni wilaya ya mvua nyingi, na mfuko mmoja wa mbegu zilizoanikwa kwa haraka hutosha kuharibu mzunguko mzima. Ndiyo maana ninaitazama kwa heshima kazi ya kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza mwaka 2013 kule Kilombero, ya kununua kakao mbichi kutoka kwa wakulima na kuivundika na kuianika mahali pamoja: mbegu zinazolingana ni nusu ya kazi ya mashine. Sisi bado tunanunua kutoka mikono mingi, kwa hiyo kila mzigo tunaukagua kwa kisu, mbegu mia tatu zikikatwa kwa urefu na kupangwa kwenye ubao, za kahawia zilizovundikwa vizuri upande huu, za zambarau na za kijivu ambazo hazikuvundikwa vya kutosha upande ule, kabla hatujawasha moto.

Mashine ya kurekebisha joto tumeitangaza kuuzwa, na kila anayekuja kuitazama tunamwonyesha kwanza kipimajoto chetu kando ya chake. Kipepeteo cha pili, kikubwa kidogo na chenye mishono laini, fundi amekwisha kukianza.